Spider-Man wa Mzizima

Jumapili, Dar es Salaam

Mabishano ya wapenzi wa katuni hapa mjini yamerudi palepale: Spider-Man angeishije Dar es Salaam ya 1890? Jibu langu fupi ni kwamba angetembea kwa miguu kama watu wengine. Uwezo wake wote wa kuruka kwa utando umejengwa juu ya maghorofa ya New York. Mji huu wakati huo ulikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti na majengo machache ya mawe ya matumbawe kama Boma la Kale, lililojengwa enzi ya Sultani Majid miaka ya 1860. Utando ukinasa kwenye paa la makuti, paa linakuja nao. Minazi ipo, na mnazi uliokomaa hupita mita 20, lakini kule juu hakuna cha kushika ila makuti yaleyale.

Panapofaa ni bandarini. Mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huzunguka upepo unapogeuka. Mchoraji anayelijua hilo anapata mruko ambao New York hauna: shujaa anashika foromali, baharia analegeza kamba, naye anajikuta upande wa pili wa chombo bila kutaka. Ila msimu uangaliwe. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi huja pwani hii na upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na kurudi na ule wa kusi. Adui anayetweka tanga Maskati mwezi Julai kuja huku anasafiri kwenye karatasi tu.

Buibui mwenye mionzi, yule aliyemuuma Spider-Man na kumpa uwezo wake, naye hawezekani, kwa kuwa mionzi yenyewe Becquerel aliigundua mwaka 1896. Badala yake wengi hukimbilia jini. Sina ugomvi na jini, mradi lisigeuzwe betri. Pepo wa pwani hampi mtu kitu bure: ana kiti chake, yaani mtu anayempanda, ana ngoma yake, na anadai ubani, marashi, pengine kuku wa rangi fulani. Asipotimiziwa, kiti ndiye anayeumia. Udhaifu ambao waandishi wa Marekani huutafuta kwa jiwe la kijani linalomlegeza Superman, sisi tumeukuta nyumbani.

Wamarekani wenyewe walishajaribu uhamisho huu. Mwaka 1989 Batman alipelekwa 1889 kumsaka Jack the Ripper. Mwaka 2003 Superman akatua Ukraine ya Kisovieti badala ya Kansas. Somo ninalolipata humo ni kwamba koti la shujaa ndilo jambo dogo kuliko yote. Mchukue Batman umlete pwani ya 1880. Ni tajiri wa urithi. Sawa, urithi wa nini? Pembe za ndovu, karafuu, minazi, na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa haukufungwa nalo. Huku bara, chini ya Wajerumani, waliohesabiwa huru ni watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na marufuku kamili ilikuja 1922, Waingereza wakiwa wameshika nchi.

Kwa hiyo Alfred, mtumishi wa nyumbani kwa Batman, ni nani? Mzee anayefungua mlango usiku wa manane, anayefunga jeraha na kujua siri zote za nyumba, katika jumba la tajiri wa pwani wa miaka hiyo angekuwa mtumwa au mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa humohumo nyumbani. Mwandishi anayemwita "mtumishi mwaminifu" kisha akapita ametudanganya mchana kweupe. Lakini yule anayemwacha mzalia huyo ashike siri ya bwana wake, na awe na kila sababu ya kuiuza, ana kitabu tayari mkononi, tena pengine mzee ndiye shujaa wake.

Penye uzito zaidi ni Superman. Kila mara hutokea mtu akapendekeza kumweka kwenye Vita vya Maji Maji, na kila mara pendekezo linashangiliwa kabla halijafikiriwa. Mwaka 1905 watu wa kusini walipewa maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeanzisha maji hayo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na vita vikaendelea hadi 1907. Wajerumani waliandika vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 250,000 hadi 300,000. Sasa mlete hapo mtu ambaye risasi kweli zinamgonga na kuanguka chini. Akishinda, umefuta makaburi. Akishindwa, umegeuza imani ya waliokufa kuwa utani: maji hayakufanya kazi kwao, yakafanya kazi kwa mgeni mwenye koti.

Nionavyo mimi, dawa ni kupunguza nguvu mpaka historia ibaki ilipo. Wengi katika vita vile waliuawa na njaa, si risasi. Mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Basi shujaa asizuie risasi. Mpagazi wa kawaida alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpe wako uwezo wa kubeba frasila nane na kutembea usiku kucha bila kuchoka, halafu mpe ghala moja la mtama la kijiji kimoja. Anahamisha magunia kabla askari hawajafika. Kijiji kimoja kinavuka mwaka, nchi inabaki na msiba wake, na msomaji hana pa kuuliza "alikuwa wapi?"

Mengine ni ya ufundi, ila ndiyo humwaibisha mtu mbele ya wajuzi. Mchoro wa shujaa kutoroka kwa dau chini ya mwezi mpevu ni mzuri sana, lakini mwezi mpevu ni bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Hapa Dar maji ya bamvua hutofautiana zaidi ya mita 3, na usiku huo hupwa kabisa kwenye saa 4 hivi. Dau limelala ubavu kwenye tope. Mpeleke alfajiri, saa 10, maji yamejaa. Au mtoroshe saa 4 hiyohiyo apite kwa miguu penye tope, ambapo kwangu panavutia zaidi.

Halafu maneno. Mhusika wa 1888 asiseme "hela", kwa sababu sarafu ya heller iliingia 1904. Kabla yake ni rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. "Shule" tumeipata kwa Wajerumani, kwa hiyo mtoto wa 1870 anakwenda chuoni, yaani chuo cha Kurani. Kariakoo haipo mpaka wapagazi wa jeshi la Waingereza wafike, baada ya 1916. Na viputo vya maneno vichorwe vipana: ukiiga umbo la Kiingereza, "wanatukaribia" itakatwa katikati, na neno la Kiswahili lililokatwa vibaya husomeka kama kigugumizi.

Tukirudi kwenye koti. Nguo nyeusi ya bei nafuu pwani hii ilikuwa kaniki, na doti moja, mikono minane, inatosha joho la mtu mzima likiachwa bila mikunjo. Tatizo la kaniki mpya ni kuchuja rangi. Shujaa akikimbia usiku mmoja kwenye joto la Machi, jasho linaitoa nili yote shingoni na mabegani, na haitoki kwa maji matupu. Asubuhi anakwenda sokoni amevaa kanzu nyeupe, muuza samaki anamtazama kola.