Punje nyeupe chini ya mkia wa paka

Vitu vyeupe mfano wa punje za mchele vilivyoganda kwenye manyoya chini ya mkia, au kwenye mkeka anapolala paka, ni pingili za tegu, yule mnyoo bapa wa utumboni. Zikiwa mbichi hujinyoosha na kujikunja, zikikauka huwa ngumu na za manjano. Wengi hukimbilia dawa ya minyoo, punje zikapotea, kisha baada ya mwezi zimerudi palepale, na muuza dawa anaambiwa aliuza feki.

Mara nyingi dawa haina kosa. Tegu huyu huletwa na kiroboto. Buu la kiroboto hula mayai ya tegu kwenye vumbi la mkeka, na likishakuwa kiroboto kamili linambeba tegu mchanga tumboni. Paka akijilamba kwa kuwashwa, anammeza kiroboto na mzigo wake. Wiki 3 hivi baadaye pingili zinaanza kutoka. Prazikwanteli, dawa ya tegu, humuua aliyemo, lakini haikai mwilini kumlinda paka na kiroboto wa kesho.

Kipimo cha prazikwanteli ni miligramu 5 kwa kila kilo ya paka. Mpime: panda mizani umembeba, kisha peke yako, utoe. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 20. Vile vidonge vya kichocho vya binadamu vina miligramu 600, maana yake umpe sehemu moja ya thelathini, na hakuna kisu kitakachokata hivyo. Nunua kidonge cha paka kwenye duka la dawa za mifugo. Vingi vimechanganywa na pairanteli, dawa ya minyoo ya duara, na kimoja kinamtosha paka wa kilo 4, ila soma pakiti. Pairanteli peke yake, ile ya maji wanayopewa watoto, haimgusi tegu kabisa.

Kumpa: piga magoti, paka awe katikati ya mapaja akitazama mbele, inua kichwa, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo. Kisha mpe maji mililita 5 kwa bomba lisilo na sindano, polepole, kupitia pembeni mwa shavu, kidonge kisikwame kooni. Akitoa povu usiogope. Ni uchungu wa dawa.

Viroboto wavamiwe siku hiyohiyo. Chana manyoya kwa kichana chenye meno ya karibu, gonga uchafu mweusi juu ya karatasi nyeupe iliyolowa: ukigeuka mwekundu wa kutu, ni kinyesi cha viroboto. Tumia dawa ya matone ya paka, kama fipronili, kwenye ngozi ya shingo nyuma, kwa paka na mbwa wote wa nyumbani, kila mnyama dawa yake. Fua matandiko kwa maji ya moto, kung'uta mikeka, fagia nyufa za sakafu. Viroboto walio bado ndani ya vifukofuko hawafi kwa dawa, hivyo endelea miezi 3 bila kuruka. Ile dawa ya mbwa yenye permethrini usimguse nayo paka, hata tone: anatetemeka, anapata degedege, na anaweza kufa. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo ziache huko zizini.

Paka mwindaji ana tegu mwingine anayetoka kwa panya, na huyo matone ya shingoni hayamhusu. Mpe prazikwanteli kila miezi 3.

Watoto wa paka ni habari nyingine. Minyoo ya duara hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo pairanteli inaanza wakiwa na wiki 3, kila wiki 2 hadi wiki 2 baada ya kuacha kunyonya, mama akipewa pamoja nao. Kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kitoto chenye fizi nyeupe huenda kina safura, kipelekwe kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Kinyesi zoa kila siku, kwani mayai ya minyoo ya duara huchukua wiki kadhaa kuiva mchangani, na jiki haiyaui.

Ukienda kwa daktari, beba pingili yenyewe kwenye kichupa. Tegu hutoa pingili nzimanzima, mayai yakiwa yamefungwa ndani, hivyo kipimo cha kinyesi kinaweza kurudi safi huku tegu yumo.