Kukuza viinitete vya ng'ombe Nairobi: hewa ya mlimani ndani ya inkubeta

Miongozo mingi ya maabara za kukuza viinitete, yaani mayai yaliyotungishwa yanayoanza kukua, inasema: inkubeta, kabati la joto la kuvikuzia, iwe nyuzi 38.5, hewa ukaa asilimia 5. Joto halina ubishi, ni la mwili wa ng'ombe. Asilimia 5 ndiyo iliyonisumbua, maana aliyeiandika alikuwa karibu na usawa wa bahari, na Nairobi iko juu kwa mita 1,700 hivi.

Piga hesabu. Mombasa kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Toa 47 za mvuke wa maji, asilimia 5 ya zinazobaki ni kama 36. Nairobi tunaanza na 620 hivi. Toa 47 zilezile, unapata 29 tu. Hewa ukaa ndiyo inayozuia baikaboneti ya midia, yaani majimaji ya kukuzia viinitete, isielemee upande wa alkali, kwa hiyo ikipungua hivyo pH, kipimo cha asidi na alkali, hupanda kwa karibu 0.09. Midia iliyotengenezwa kukaa 7.4 inakaribia 7.5, na kiinitete hakipendi.

Dalili huonekana hata kabla ya kupima. Midia yenye rangi ya fenoli, inayobadilika kufuata pH, ikikaa usiku mzima ndani ya inkubeta inapaswa kutoka na rangi ya machungwa iliyopauka. Yangu ilikuwa ikitoka ya waridi. Nilipandisha hewa ukaa hadi asilimia 6.2, ikatulia. Lakini usiinakili namba hiyo: mashine nyingine zina kihisi kinachorekebisha mwinuko, nyingine hazina, na kioo cha mbele hakikuambii. Pima pH ya midia yenyewe, haraka, ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuitoa, kwa sababu ikikaa nje inapoteza gesi na utapima uongo.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono. Ovari nazichukua machinjioni Dagoretti alfajiri, kwa ruhusa ya mkaguzi wa nyama, kwenye thamosi yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopashwa hadi nyuzi 35 hivi. Julai thamosi ya bei rahisi haifai, baridi ya Kabete inaingia. Ndani ya saa 3 au 4 ziwe maabarani. Kwa sindano ya geji 18 navuta majimaji ya vifuko vya mayai vya milimita 2 hadi 8. Ng'ombe wa nundu kwa kawaida wana vifuko vingi kuliko Friesian. Ukivuta kwa nguvu, seli zinazolifunika yai zinang'oka, na yai lililo uchi silichukui kabisa.

Mayai hukomaa kwa saa 22 hadi 24. Yakiwa tayari, zile seli zimetanuka na kunata kama mlenda. Hapo ndipo baridi ni hatari zaidi: nyuzinyuzi zinazoshika kromosomu huvunjika yai likipoa, kwa hiyo meza ya hadubini lazima iwe na joto.

Mbegu za fahali nazinunua Kabete, zikiwa kwenye mirija iliyohifadhiwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nayeyusha kwa maji ya nyuzi 37, sekunde 30. Mbegu iliyotoka kwenye mrija bado haiwezi kutungisha; watafiti Austin na Chang walionyesha mwaka 1951 kwamba lazima kwanza iandaliwe ndani ya njia ya uzazi ya jike. Maabarani kazi hiyo inafanywa na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maikrogramu 10 kwa mililita, pamoja na mbegu milioni 1 kwa mililita. Fahali hawafanani. Ukipata mpya, jaribu dozi tatu tofauti kabla ya kumtumia kwenye jaribio la maana, kwa sababu heparini ikizidi mbegu kadhaa huingia yai moja na kiinitete kinaharibika.

Baada ya saa 18 navua zile seli na kuhamishia mayai kwenye matone ya midia chini ya mafuta. Siku ya 2 nahesabu yaliyogawanyika: katika 100, natarajia 70 hadi 80. Siku ya 7, blastosisti 30, yaani viinitete vilivyofikia hatua ya kuwa na uwazi wa maji ndani, ni kazi nzuri. Yakigawanyika vizuri kisha yakakwama kwenye seli 8 hadi 16, usikimbilie kulaumu mbegu. Hapo ndipo kiinitete cha ng'ombe kinaanza kutumia jeni zake chenyewe, na kasoro ya midia hujitokeza wakati huo. Mimi huanza na pH, kisha mafuta, kisha nauliza kama kuna mtu aliyepaka rangi chumba cha jirani, maana mvuke wake hudhuru viinitete.