Komenti Zinazosomwa Angani

Jioni, nikishamaliza kazi ya ugali, nafungua msimbo wa ArduPilot na kuwinda makosa ya tahajia kwenye komenti, yaani maelezo ambayo waandishi wa programu huacha ndani ya msimbo. Siongezi kitu kingine. Jamaa mmoja wa ofisini hunicheka: "Kaka, kompyuta yenyewe haisomi komenti, sasa wewe unamwandikia nani?" Kwa programu nyingi angekuwa sahihi.

ArduPilot ni programu huria inayoongoza droni, ndege za mabawa, magari, hata boti. Juu ya kila kigezo anachoweza kubadilisha rubani kuna mistari ya maelezo: @DisplayName, @Description, @Units, @Range. Yote hiyo ni komenti, na C++, lugha iliyoandikiwa programu hii, inairuka kama haipo. Ila kuna skripti inayopita kuikusanya na kuigeuza kuwa mwongozo, na mwongozo huo ndio rubani anaousoma kwenye Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupangia droni, akiamua aweke namba gani. Chukua RTL_ALT, kimo ambacho droni hupanda kwanza kabla ya kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kwa sentimita: 1500 maana yake mita 15. Hapo "cm" ikidondosha c, anayetaka mita 50 ataandika 50, na droni itaelewa nusu mita. Ikiwa inaruka chini, miti iliyo njiani huenda isikwepwe.

Kosa ninalolisaka zaidi ni altitude na attitude kupishana. Moja ni kimo, nyingine ni mkao wa chombo hewani: kimelala upande gani, pua imeinama kiasi gani. Zote ni tahajia halali, kwa hiyo codespell, programu ya kusaka makosa ya tahajia inayokamata "recieve" na "seperate" bila shida, hapa inapita kimya. Dawa ni kusoma msimbo ulio chini yake. Ukikuta roll (kulala upande) na pitch (kuinama kwa pua) zinakokotolewa huku komenti inasimulia kimo, umelipata.

Si kila kosa ni la kugusa, lakini. Katika MAVLink, itifaki ambayo droni na kituo cha ardhini huzungumza nayo, jina la ujumbe na majina ya sehemu zake huingia kwenye CRC, hesabu ya kuhakiki kwamba pakiti imefika salama. Ukirekebisha tahajia ya jina upande mmoja tu, upande wa pili utazitupa pakiti zako kana kwamba zimeharibika njiani. Maelezo nyoosha upendavyo. Jina liache na kilema chake.

Kinachonichosha ni utaratibu wa kutuma. Kila maktaba, yaani kila sehemu ya msimbo yenye kazi yake, inataka komiti yake (kifurushi cha mabadiliko kinachoingia kwenye historia), na ujumbe uanze na jina la maktaba hiyo: "AP_Motors: fix typo in comment". Herufi tatu zilizokosewa katika maktaba tatu, komiti tatu. Najua inasaidia anayefuatilia historia ya maktaba moja, ila bado nanung'unika.

Leo nimetuma ya AC_AttitudeControl, maktaba ya kudhibiti mkao, peke yake. Za AP_NavEKF3, maktaba inayokadiria chombo kiko wapi na kinaendaje, zitangoja: kule komenti zimejaa matriki, na sinyooshi sentensi ambayo sijaielewa.