Nilivyoupanga upya uwanja wa soko letu kwa mifuko michache ya chokaa

Karibu kila aliyenishauri alianza na maua. Weka bustani katikati, weka chemchemi, watalii watapiga picha, soko litafufuka. Mmoja alinionyesha hadi picha za Ulaya kwenye simu. Nikamuuliza kama huyo mtalii atanunua fungu la nyanya au la dagaa.

Kazi ilikuwa uwanja wa mbele wa soko la zamani, huku huku Ilala. Kabla yangu walishajaribu: meza zikang'olewa, nyasi zikapandwa, kamba ikafungwa. Machinga wakaigeuza kamba ile kuwa ya kutundikia mitumba. Biashara ilivyochangamka!

Mimi nilianzia Kariakoo, kulikagua jengo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Yale mapaa yake ya miavuli hayakuwekwa kwa urembo tu. Yalibuniwa yakusanye mvua na kuishusha hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Wazo hilo nililiiba bila aibu: mabati yetu yanainamia ndani, maji yanaingia tangini, na masika wauza samaki wanaoshea meza bure.

Ugomvi mkubwa ulikuwa ukubwa wa vizimba. Kila mtu alisema chake ni kidogo, cha jirani ndicho kinachoziba njia. Vikao vilimaliza soda tu. Basi usiku mmoja, mimi na vijana wawili tukauchora uwanja mzima chini kwa chokaa, kila kizimba kwa vipimo alivyodai mwenyewe. Asubuhi kila mtu kasimama kwenye mstatili wake, meno nje. Hapo nikamwita kijana wa mkokoteni, niliyeshamlipa ajaze kabichi mpaka juu. "Pisha! Pisha!" Hakufika hata katikati, gurudumu likapanda kwenye kizimba cha mama wa dagaa. Wakamjia juu.

"Sasa mama, nipae?"

Uwanja mzima ukacheka. Mzee wa vitunguu, aliyekuwa akifoka kuliko wote vikaoni, akainama, akafuta mstari wake kwa kandambili na kurudi nyuma hatua moja. Wengine wakafuata. Saa nne njia ilikuwa imepatikana, nami sijasema neno. Nilikuwa kwa mama lishe nakunywa supu.

Mti wa mkungu wa pale kati waliniambia niukate. Nimeuacha, na mama lishe wote wako chini yake, maana mteja wa saa saba hufuata kivuli kabla ya chakula. Malori sasa yanashusha mizigo alfajiri. Bodaboda nimewapa kona yao karibu na lango. Ukiwapeleka mbali watarudi tu.

Gharama iliyoniuma ni mitaro. Na mifuniko yake, jamani, wekeni ya zege. Ya chuma inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla rangi haijakauka.