Usiku Unapotulia

Usiku wa kuamkia leo niliswali tahajudi, kama nilivyofanya kila usiku tangu baba afariki, na kama siku zote sikuhisi chochote ila baridi ya sakafu chini ya msala. Likanirudia swali ninalolikwepa kwa wiki kadhaa: je, mtu aweza kuendelea kumwamini kwa dhati Mola anayemnyamazia?

Mwaka 1993 mwanafalsafa wa Kanada, J. L. Schellenberg, alitoa hoja kwamba Mungu mwenye upendo kamili asingemwacha aliye tayari kumjua abaki hamjui pasipo kosa lake. Na kwa kuwa watu wa namna hiyo wapo, Mungu huyo hayupo. Siwezi kuidharau. Nina rafiki aliyemtafuta Mola miaka mingi, kwa machozi, akarudi mikono mitupu, na siko tayari kusema kwamba hakutafuta vya kutosha.

Kwetu Waislamu, Al-Baatin, Aliyefichika, ni miongoni mwa majina Yake, na mwanzoni mwa Surat al-Baqara sifa ya kwanza ya wachamungu ni kuamini ghaibu, yaani yasiyoonekana. Kutoonekana kwake, basi, nilikuzoea tangu utotoni. Kinachoniumiza ni kimya.

Ndiyo maana niliifungua Surat Dhuha. Wahyi, yaani ujumbe wa Mola kwa Mtume wake, ulikuwa umekatika kwa muda, na huko Makka Mtume (S.A.W.) akasimangwa kwamba ameachwa. Kimya kilikuwa kile kile, kwake na kwa waliomsimanga. Sura ilipoteremka iliapa kwa mwanga wa asubuhi na kwa usiku unapotulia kwamba Mola wake hakumwacha wala hakumchukia. Lakini katika aya zake zote 11 haielezi popote kwa nini wahyi ulikatika. Inamkumbusha kwamba alikuwa yatima akapewa makazi, kisha inamwamuru asimwonee yatima wala asimkaripie mwombaji.

Miaka yote nimeisoma bila kuliona hilo. Nilikuwa nikingoja maelezo, kumbe Mtume mwenyewe alipewa kumbukumbu na wajibu, navyo mtu aweza kuvishika hata gizani. Rafiki yangu hana kumbukumbu ya namna hiyo, na sitajifanya kwamba nimemjibu.

Mimi ninayo, kwa kuwa sura hii nilifundishwa na baba, aya baada ya aya, barazani. Adhana ya alfajiri ilinikuta kwenye aya ya sita, ile ya yatima, na nilikuwa bado sijaweza kuivuka.