Nazi huchaguliwa kwa sikio: siku yangu moja ya kukusanya oda Mombasa

Saa 10:30 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Nakaa Likoni na kazi yangu iko Nyali, kwa hivyo siku huanzia kwenye feri. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini ikikuacha moja, hesabu yote ya asubuhi imeharibika. Ng'ambo napanda matatu. Tukishavuka daraja la Nyali, pale Kongowea malori ya machungwa ya Muheza yanashushwa na wachukuzi wameshalowa jasho.

Saa 1:00 asubuhi

Mlango wa wateja bado umefungwa, ila kwenye simu ya kazi oda 14 zimeingia usiku.

Nilipoajiriwa na supamaketi hii mwaka 2014 nilikuwa keshia. Mteja alikuja mwenyewe, akachagua mwenyewe, nami nikapiga bei na kurudisha chenji. Machi 2020 korona ikaingia Kenya, na Aprili Mombasa ikafungwa: hakuna kutoka wala kuingia, na usiku ni kafyu. Watu wakaanza kututumia orodha kwa WhatsApp, wengine wakipiga picha karatasi waliyoandika kwa mkono. Tulidhani ni mambo ya kupita. Korona ikatulia, oda zikabaki, zikahamia kwenye programu. Kaunta za malipo zilikuwa nane, leo hufunguliwa tano. Wenzetu wawili waliokuwa wakiwafungia wateja mizigo hawakuongezewa mkataba. Mimi nikapewa toroli na simu.

Sasa nawanunulia chakula watu nisiowaona.

Saa 2:15

Vizito kwanza: mchele, unga, mafuta. Vya baridi mwisho. Mayai juu ya vyote, na kila trei naifungua nikaliangalia yai mojamoja. Maziwa nachukua ya nyuma kwenye rafu, kwa sababu ya mbele ndiyo yanayokaribia kuisha tarehe. Mteja angekuwepo angefanya vivyo hivyo.

Simu inahesabu. Kila bidhaa ina sekunde zake, na nikizipita mstari unageuka mwekundu. Mwisho wa mwezi wekundu huo husomwa mbele ya meneja. Kinachoniuma ni kwamba pakiti ya chumvi na nazi zimepewa muda sawa. Chumvi ni chumvi, unainyanyua ukaenda. Nazi huchaguliwa kwa sikio. Unaitikisa, unasikiliza: maji yakicheza ndani, ni nzima. Ikiwa kimya, imepasuka au imekauka. Kisha unayatazama macho yake matatu. Ukiona unyevunyevu au ukungu, irudishe, hata kama ni kubwa na nzuri ya kutazama. Haya nilifunzwa na nyanya yangu uani, nikiwa na miaka saba, na ndiyo duka linayouza kila siku kwa wateja wake wa mtandaoni.

Saa 4:00

Oda imelipwa kutoka Doha, inapelekwa Mji wa Kale. Chini mtumaji ameandika: "Ni ya mama. Kesho Ijumaa anapika wali wa nazi. Naomba nazi nzuri, tatu."

Kapu zima nalitikisa, nzima napata mbili. Programu inanipendekezea kubadilisha: tui la kopo. Ningebonyeza tu, na mstari ungebaki kijani. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Mimi wa dukani, nakukusanyia vitu alivyokuagizia mwanao. Nazi nzuri ziko mbili tu. Ya tatu nikutilie tui la kopo?"

"La kopo! Tui la kwanza liko wapi hapo, na la pili liko wapi? Niletee hizo mbili, mchele nitaupunguza."

Akaniuliza kwetu wapi, akaniombea dua. Mazungumzo yalichukua dakika tatu na mstari ukawa mwekundu. Hata kesho nitapiga.

Saa 7:00 mchana

Wali maharagwe, upesi. Nje, chini ya mwarobaini, vijana wa boda wanasubiri mizigo. Wanalipwa kwa safari, na kusubiri hakulipwi. Pikipiki yao, petroli yao, bando lao. Oda ikikwama kwangu dakika ishirini, mmoja wao amezipoteza pamoja nami. Hilo hunifanya nikimbie kuliko ile saa ya simu.

Saa 9:00 alasiri

Lalamiko: mayai mawili yamepasuka, na picha ipo. Mteja amerudishiwa pesa zake, na ni haki yake. Kosa limeandikwa kwangu. Trei niliifungua, nikaliangalia kila yai. Hakuna aliyeuliza njia ilikuwaje hadi mlangoni.

Nikamfuata msimamizi, nikamwambia kwa mara ya tatu: matunda, mboga, nazi na samaki viongezewe muda, na anayejua kuchagua alipwe kwa ujuzi huo, kwa sababu mteja akipelekewa nyanya zilizopondeka mara mbili harudi tena. Alinisikiliza. Akaandika kwenye daftari, akasema atalifikisha juu. Mwezi ujao nitamwuliza limefika wapi.

Saa 12:30 jioni

Feri imejaa. Nilipokuwa keshia mgongo ndio uliouma kwa kukaa mahali pamoja, sasa ni nyayo. Sisemi kule kulikuwa kuzuri. Ila jioni nilikuwa nimeshaonana na watu mia, nikawajua wana wao kwa majina. Leo nimemsikia mmoja.

Likoni, kando ya barabara, yule muuza nazi yupo na taa yake. Nachukua moja, naitikisa. Nachukua nyingine. Ananisubiri, wala hatazami saa.