Simu haina mkono

Matangazo ya kanisa letu la Mwanza hunifikia saa kumi alfajiri. Kule ni saa sita mchana, ibada imefika mwishoni na katibu amesimama na daftari lake. Huku Fort Worth, Texas, niko zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kama hakuna kengele inayolia najibanza kwenye chumba cha mapumziko, simu sikioni. Mahubiri siyasubirii. Mahubiri yamejaa kwenye simu siku hizi, unachambua kama mtumba wa soko la Mlango Mmoja mpaka upate saizi yako. Lakini nani kajifungua, nani kalazwa Bugando, na nani kaondoka na sufuria kubwa la kanisa tangu harusi ya Agosti na hajalirudisha, hayo huyapati popote isipokuwa kwenye lile daftari.

Jumapili iliyopita daftari lilikuwa nono. Kwaya ya vijana imerudi salama kutoka Sengerema ilikoalikwa na wenzetu. Enzi zetu safari hiyo ilikuwa ya kutwa nzima: mnaamka usiku, mnapanga foleni ya kivuko Kigongo, mnavuka hadi Busisi, na jioni mnaikuta foleni ileile huku kinamama wa sauti ya kwanza wakipigana na upepo unaotaka vitambaa vyao. Tangu Juni 2025 Daraja la JP Magufuli limefunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji, na kwaya inakwenda kuimba na kurudi kula ugali wa jioni nyumbani. Katibu alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyemwaga zege mwenyewe.

Kisha likaja tangazo la ubatizo. Sisi Wabaptisti hatubatizi watoto wachanga. Mtu anabatizwa akiwa na akili zake, baada ya kukiri imani mwenyewe mbele ya washirika, na anazamishwa mwili mzima. Kanisa letu halina birika, kwa hiyo tunashuka ziwani, na ziwani huingii tu kwa sababu maji yapo. Ziwa Victoria lina kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda pale penye majani na maji yaliyotulia, ndipo hasa mchungaji mgeni angetaka kusimama kwa kuwa panapendeza kwenye picha. Wazee wetu huchagua mahali peupe, penye mchanga na mawimbi, na mshirika mmoja ambaye ni muuguzi huwakumbusha wote walioloa wakapime na kumeza dawa. Safari hii alisema hivyo kwenye kipaza sauti, dakika moja kabla ya neno la baraka. Wabatizwa ni saba. Mmoja ni mzee wa Kikerewe ambaye ameimba nasi miaka na miaka bila kubatizwa, akisema maji anayajua, amevua humo tangu utoto.

Kanisa ninalosali huku lina birika nyuma ya mimbari, na maji yake yanapashwa moto. Nilipomsimulia dada yangu alicheka mpaka simu ikakatika.

Tarehe ya ubatizo imesogezwa wiki mbili mbele, na aliyeisogeza ni mwezi. Asiyekulia mwaloni, wanakoshushia samaki, lazima aelezwe hili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; mwanga unawavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, basi wavuvi wanarudi kutoka visiwani, wanashona nyavu, wanaoa, wanabatizwa. Giza likiingia wanaondoka tena kwenda makambini, na sauti za kiume kwenye kwaya zinabaki kwa mwalimu wa shule na mafundi wawili wa pikipiki. Kwa hiyo kalenda yetu ina Krismasi, Pasaka na mbalamwezi. Anayepanga harusi wakati wa giza ni mtu asiyehitaji mchango wa wavuvi, na mtu wa namna hiyo sijamwona mtaani kwetu.

Ila kilichonifanya niandike ni paa. Upepo wa mvua za kwanza uling'oa bati za upande wa ziwani, na walipopanda kutazama wakakuta mbao zimeliwa na mchwa. Mafundi wamesema paa lote lishuke. Ukaitishwa mkutano wa washirika.

Kanisa letu la Baptisti halingoji waraka wa askofu. Kila kanisa linajiamulia mambo yake. Mchungaji ana heshima yake, mashemasi wana kazi yao, lakini fedha, ujenzi, kupokea mshirika mpya, hata kumwita mchungaji, vyote vinaletwa mbele ya watu na mikono inanyooshwa. Bibi anayeuza karanga ana kura moja, na bosi wa mwanawe ana kura moja. Mikutano yenyewe huwa mirefu hadi watoto wanalala chini ya mabenchi.

Hoja ya katibu ilikuwa fupi. Washirika wanne tuko nje ya nchi: mimi huku, wawili Uingereza, mmoja Omani. Akapendekeza tuandikiwe barua tugawane gharama ya paa lote, kazi ianze kabla vuli haijakolea. Watu wakapiga makofi. Simu iliyoniunganisha na mkutano ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji juu ya kiti cha mbele, nikiona mbao zilizooza na nusu ya kichwa cha mhazini.

Naomba nieleweke. Kutuma si tatizo. Kila aliye ughaibuni ana orodha yake ya ada, dawa, kodi na misiba, na paa la kanisa lina haki ya kuwemo. Kilichoniuma ni kwamba siku hizi jina langu kwenye daftari linakaa ukurasa mmoja tu, ule wa michango. Dada yangu alipolazwa hakuna aliyenipigia, kila mtu akidhani nimeshaambiwa. Nikitajwa kwenye grupu, ujumbe unaofuata una namba ya akaunti. Ukikaa nje muda mrefu unaweza kugeuka benki yenye kadi ya ubatizo.

Aliyesimama kupinga ni mama mmoja shemasi, mchuuzi wa dagaa Mwaloni Kirumba, aliyenifundisha shule ya Jumapili. Wala hakuwa ananitetea mimi. Alikuwa anautetea mnada.

Mnada wetu hufanyika nje, baada ya ibada. Asiye na fedha taslimu analeta alichonacho: mayai, boga, michembe ya viazi vitamu, sato wawili kwenye mfuko, jogoo aliyefungwa miguu. Mnadi ni fundi baiskeli anayejua nani kalipwa juzi na nani anajifanya hana. Jogoo akinunuliwa elfu thelathini, mnunuzi anasema "namrudisha," na ananadiwa upya. Niliwahi kuona jogoo mmoja akiuzwa mara nne hadi akaishia mikononi mwa mama yuleyule aliyemleta, akiwa ameshaingiza bei ya mbuzi mnono. Jogoo mwenyewe alikuwa amekata tamaa, kichwa chini, wala hapigi tena kelele. Watu wamecheka, wametaniana Mjita kwa Msukuma, mgeni kapewa mayai aende nayo, na waliokuwa hawasemeshani tangu mwaka jana wamejikuta wakipandiana dau.

Mama akasema, kwa ufupi, kwamba wanne wa nje wakinunua paa, mnada umekufa. Mwenye mayai matatu hatayaleta, ataona aibu. Na paa likivuja tena baada ya miaka mitano, watu hawatapanda kuziba, watatafuta namba zetu.

Mwenyekiti akaita kura. Nikasema kwenye simu, "Mwenyekiti, na mimi namuunga mkono mama." Kicheko. Mzee mmoja akauliza kama katiba inamruhusu asiyekuwepo apige kura. Katiba ikaletwa. Imeandikwa "washirika waliohudhuria." Sasa, huyu kahudhuria au hakuhudhuria? Mjadala huo ulichukua muda kuliko wa paa. Wengine walisema namsikia kila mtu na kila mtu ananisikia, kuhudhuria ni nini zaidi ya hapo? Wengine wakauliza, je, akiwa amelala na simu imewashwa? Mwishowe mwenyekiti akaamua kwamba simu haina mkono wa kunyoosha, kura yangu haihesabiwi, ila maoni yangu yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Nilikasirika. Pesa zangu hazijawahi kuulizwa kama zimehudhuria.

Hasira ilishuka kwa sababu ya jambo nililokwisha kuliona hukuhuku. Wamisionari wa Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani walifika Tanganyika mwaka 1956, na waliowalipia ni watu wa makanisa kama hili ninalosali. Hadi leo kila Desemba wanakusanya sadaka yenye jina la Lottie Moon, mmisionari aliyefanya kazi China na kufariki 1912. Bahasha zinagawiwa, na mimi nikapewa yangu. Mama mmoja wa makamo akanieleza kwa furaha kwamba bibi yake alikuwa akiweka senti humo kwa ajili ya Afrika. Nilimshukuru kwa dhati, maana senti zile zilifanya kazi. Lakini bibi yule hakuwahi kujua kama Mwanza ni mji au ni mtu, na hakuna aliyemuuliza chochote zaidi ya senti. Mama yetu wa dagaa hataki nifike huko.

Nisiwaonee watu wa huku. Mtu akiugua, orodha ya zamu za chakula inatumwa kwa barua pepe, unajaza siku yako na utakacholeta. Mwanzoni niliona kichekesho, mgonjwa kupangiwa ratiba wakati kwetu kinamama wanatokea tu na vyungu. Nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri, friji yangu haikufungika. Na mchana, jengo hilohilo wanalitumia Wakongomani wanaosali kwa Kiswahili, wengi wao waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiswahili chao na changu hukwaruzana kidogo, ila matangazo yao ni marefu kama ya nyumbani. Huwa nakaa mpaka mwisho hata kama usiku wake sikulala.

Tukirudi kwenye paa: hoja ya katibu ilianguka. Kila nyumba italeta bati moja, mwenye uwezo aongeze, wavuvi watatoa wakishauza mzigo wa giza hili, na sisi wanne tumepangiwa kama nyumba nyingine yoyote. Mbao na misumari vitatoka kwenye mnada. Vuli itawanyeshea, hilo halina ubishi. Mimi naona wameamua vizuri. Dada yangu, ambaye benchi lake liko upande unaovuja, anasema ni rahisi kusifu uamuzi ukiwa chini ya dari.

Juzi nilimpigia mama shemasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za baridi?"

"Mama, huku Texas ni joto."

"Haya, joto. Bati lako limefika, mhazini kaniambia. Sasa leta la jogoo."

Mnada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Usiku huohuo saa za huku zinarudishwa nyuma, kwa hiyo saa sita yao itakuwa saa tisa yangu, nimeshaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Zabuni atanishikia dada, mnadi amekubali. Tumebishana kuhusu kiasi tu: yeye anataka tuishie elfu arobaini, mimi nimesema jogoo tumfikishe sitini na tumrudishe, lakini michembe ikinunuliwa isirudishwe, aniwekee, kuna kijana wa Igoma anakuja huku Desemba na begi lake lina nafasi.